Ndege Isiyopakwa Rangi

9 Novemba

Tangu asubuhi mvua inapiga mabati na sina mtu wa kuongea naye, ndiyo sababu naandika. Si kwamba niko peke yangu. Hilaire, mume wangu, yuko chumbani, amekaa kwenye kiti chake na uso ameuelekeza ukutani. Anasikia kila kitu ila hajibu.

Mwezi wa saba mshipa ulimpasuka kichwani tukiwa mezani, kijiko bado kiko mkononi. Mkono wa kulia umelala. Mguu wa kulia anauburuta. Maneno yalipotea kisha yakarudi, polepole, kama watu wanaorudi kutoka safari moja lakini kwa magari tofauti. Alikuwa fundi wa vyuma kiwandani hapa Shituru, mjini Likasi, yule ambaye wenzake walimletea kipande kilichowashinda. Aimée, anayemnyoosha viungo kliniki, anasema akili yake ni nzima. Anachokosa ni hamu.

Juu ya kabati kuna ndege yake, chini ya kitambaa. Ni mfano wa plastiki wa DC-3, ndege ya abiria ya zamani, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Binamu yake aliituma kutoka Ubelgiji ikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Hilaire aliigandisha jioni kwa jioni, taratibu, miaka miwili. Ilibaki ngozi yake ya nje tu. Hakutaka rangi ya fedha kama ya mageti. Alitaka anayeitazama aone chuma, chuma kitupu kisichopakwa kitu.

Leo nimeipangusa vumbi. Nitaimaliza mimi.

12 Novemba

Mvua. Hakuna umeme. Saluni yangu ya mtaa wa Kikula sikuifungua.

16 Novemba

Niliishusha ndege na kuiweka mezani, makusudi, mlango wa chumba ukiwa wazi. Ilichukua muda kabla sijasikia kile kiti kikigeuka.

"Juu ya nini unagusa ile?"

"Nataka kuimaliza, Baba Michelle."

"Haujue."

"Utaniambia."

"Minye siseme kitu."

Akageuka tena ukutani. Lakini ni maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Michelle, binti yetu, alipopiga simu kutoka Lubumbashi anakosoma nilimwambia baba yake ameongea. Akauliza amesema nini. Nikamjibu, "Amenikatalia," tukacheka wote wawili.

23 Novemba

Nimeona kwenye simu kwamba chini ya rangi ya fedha inapaswa kukaa nyeusi inayong'aa, laini kama kioo, maana fedha haifichi kitu. Mkwaruzo mdogo kama unywele utaonekana kama barabara. Basi nikaleta kutoka saluni vile vipande vinne vya kulainisha kucha, kuanzia kinachokwaruza hadi kile cha mwisho kinachong'arisha. Kucha za wanawake wa Kikula nimezilainisha miaka kumi na tano, sikuona kwa nini bawa linishinde. Nilisugua mpaka plastiki ikateleza kidoleni.

Nyeusi ilikauka vizuri. Nilijiona mwenyewe humo, mdogo sana na pua kubwa.

30 Novemba

Leo nimepuliza fedha. Asubuhi jua lilikuwa kali nikadhani nimepata siku. Nilipokuwa nusu ya kazi wingu likatoka upande wa Panda, hewa ikawa nzito, na ile fedha ikaanza kufifia mbele ya macho yangu, ikafanya ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Niliisubiri ikauke. Ilikauka na ukungu wake.

Hilaire alikuja mpaka mlangoni, ameshika ukuta. Akaangalia, kwa muda.

"Hii haiko ndege," akasema. "Hii ni nyungu."

"Weye ulisema hauseme kitu."

"Niko nasema juu ya nyungu. Haiko juu ya ndege."

Nilikasirika, kazi yangu kuitwa sufuria. Baadaye, nikipika, nilitambua kwamba alikuwa ametembea kutoka chumbani bila kuitwa.

4 Desemba

Nimejaribu mara ya pili. Ukungu tena.

8 Desemba

Tumetoka misa. Niliiloweka ndege katika beseni la mafuta ya breki ili rangi yote itoke, kisha nikaisugua kwa mswaki wa zamani. Hilaire alikaa karibu akanitazama. Bila kuulizwa akaanza kusema, na nayaandika hapa kwa sababu katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa sikuwahi kuyasikia.

"Nilikuwa mutoto. Tulitoka Kalemie na baba, alipata kazi huku. Tulipanda DC-3. Bantu bote balikuwa banatapika. Minye nilikuwa pa dirisha, naangalia bawa."

Akapumzika. Siku hizi anapumzika kati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi.

"Ile bawa haikuwa na rangi moja. Bati moja inangaa, ya pembeni imefifia, ingine ni kama majivu. Ndege ikigeuka, jua inapita, na yote inabadilika. Ile yenye kungaa inakuwa nyeusi. Ile yenye kufifia, njo inawaka. Haiko rangi, Mama Michelle. Ni mwangaza."

Mimi nilikuwa napaka rangi moja kuanzia pua hadi mkia. Ndiyo maana aliiita nyungu, na hakukosea.

25 Desemba

Yaya Alphonsine amekuja kutoka Tshangalele, na samaki wa kuchoma aliowafunga mmoja mmoja ndani ya karatasi ya alumini. Ni dada mkubwa wa Hilaire, ndiyo sababu tunamwita Yaya. Anauza samaki kando ya ziwa, na kanisa lake lina chumba cha maombi ambamo wagonjwa wanalala wiki na miezi. Tangu mwezi wa saba ananitazama kana kwamba nilikuwa nalinda mlango na nikasinzia.

Tulipomaliza kula aliniambia mimi, wifi yake, mbele ya wote.

"Mulamu, mvua ikiisha nitakuya na gari. Nitamuchukua ndugu yangu. Hapa iko anakaa tu, anaangalia ukuta. Kule batamuombea. Weye uko na saluni, hauna wakati."

Nilimgeukia Hilaire nikingoja akatae.

"Sawa," akasema.

Neno moja tu. Niliinuka nikaenda kuosha sahani ambazo hazikuwa zimemalizika kuliwa.

Niliporudi kuondoa mabaki nilimkuta amechukua karatasi moja ya samaki. Aliilaza mezani na kwa ukucha wa gumba la kushoto alikuwa akiinyoosha, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka ikawa kama kioo. Aliinua macho akaniona. Kesho nitanunua karatasi mpya ya alumini, isiyonukia samaki.

6 Januari

Karatasi haijali mvua. Haya ndiyo tuliyojifunza, naandika "tuliyojifunza" kwa sababu sasa anakaa nami mezani, ingawa anasema ni kwa sababu chumbani kunavuja.

Napaka verni, ile vanishi ya mbao, nyembamba sana, kwenye bati moja tu la bawa. Nangoja mpaka inate kidoleni bila kukiloanisha. Nalaza karatasi, naikandamiza kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni, kisha nakata kwa wembe kufuata mstari. Bati moja, kisha lingine. Ni mengi sana.

"Hii upande wa kungaa," anasema. "Ile upande wa kufifia." Karatasi ina pande mbili, nami nilikuwa nimepika nayo maisha yangu yote bila kufikiria hilo.

9 Januari

Tumechemsha vipande vya karatasi pamoja na mayai. Vimetoka na rangi ya majivu, sawasawa kama alivyosema. Mayai tumekula.

14 Januari

Leo tumegombana kuhusu mistari. Ukisugua karatasi kidogo sana kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, inapata mistari midogo kama ya bati lililotoka kiwandani. Mimi nilisugua yote kuelekea upande mmoja. Akanirudisha nyuma mabati sita. Kila bati lina njia yake, anasema, moja inaenda na bawa, nyingine inalikata bawa, kwa sababu fundi aliyelikata hakuwaza kuhusu wewe, aliwaza asipoteze chuma. Nilimwambia hakuna mtu Likasi atakayeona. Akasema yeye ataona.

Ningefurahi zaidi kama nisingekuwa nakumbuka lile "sawa" la Krismasi kila anaponikosoa. Nani anafundisha hivi mtu anayetaka kumwacha?

19 Januari

Yaya Alphonsine alikuja kwa siku moja na sasa yuko hapa siku ya nne. Maji yamefunika barabara ya ziwani.

Naona mambo ambayo sikuyaona. Anamwogesha ndugu yake bila kuona haya wala kumwonea huruma, akiimba Kiluba, na Hilaire anamjibu kwa wimbo. Jana walicheka mpaka Hilaire akakosa pumzi. Mimi humwogesha kimya, nikiogopa kumwumiza. Leo tukichambua sombe, majani ya muhogo, nilimwuliza Yaya alijuaje nyimbo zote hizo.

"Mama yetu alikufa, yeye alikuwa na mwaka moja," akasema. "Minye njo nilimubeba pa mugongo. Nilikuwa na kumi." Akaendelea kuchambua. "Nilimufundisha kutembea, mulamu. Siwezi kumuzika. Nitakufa mbele."

Hakuwahi kunishtaki, basi. Alikuwa anaogopa. Na mimi, miezi yote hii, nilikuwa namsikia akinihukumu.

Nilimwonyesha ndege. Aliiangalia kwa adabu, kama mtu anavyoangalia mtoto mchanga wa jirani, akauliza kama itauzwa.

27 Januari

Bawa la kushoto limekwisha. Mvua, mvua, mvua.

13 Februari

Naandika usiku wa manane.

Asubuhi nilikwenda Kikula, nilikuwa na bibi harusi wa kusuka. Saa nane mbingu ikafunguka. Maji yalishuka barabarani na viti, ndoo, mpaka meza ya mtu. Hakuna pikipiki iliyokubali kutoka. Nilimpigia Hilaire simu ikaita bila kupokewa. Nikapiga tena. Nikasema amelala. Nikapiga tena, halafu nikavua viatu nikatembea.

Nilifika jioni, bado kuna mwanga. Nilimkuta jikoni, sakafuni, kati ya meza na ukuta. Macho wazi. Ndege ilikuwa chini ya bega lake, na bawa la kulia lilikuwa limelala peke yake karibu na makaa.

Nilidhani mshipa umepasuka mara ya pili. Nilimshika uso, nikamwambia acheke, anitajie jina la Michelle, anyanyue mkono wa kushoto, yote aliyonifundisha Aimée. Akafanya yote. Kisha akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mwezi wa saba.

"Nilitaka ukute moteri imeisha," akasema.

Mbele ya injini, pale panapozunguka mviringo, ndipo kila karatasi yetu ilikuwa ikijikunja. Tulikuwa tumeshindwa wiki mbili. Alitaka kuifanya peke yake, ili nikirudi nishangae. Akasimama apate mwanga wa dirishani, mguu ukamsaliti.

"Nipeleke kwa Yaya. Hata kesho. Ningali navunja hata ile yenye kuwa mukononi ya wengine."

Badala ya kumtuliza nilishikwa na hasira. Nilikaa sakafuni kando yake, nguo zangu zikitiririka maji, nikamwambia:

"Ulisema 'sawa' ku Noeli. Hukuniuliza. Minye nilikuwa pale, nimeshika sahani, hukuniuliza. Sasa sikia. Minye niko na mikono, lakini sijue mustari ya chuma inaenda wapi. Weye unajua. Ukienda, minye nitabaki na nyungu. Na haiko ndege tu, Baba Michelle. Nitaongea na nani?"

Mvua ilikuwa imepungua, tukasikia maji yakidondoka kutoka paani.

"Nilisema sawa juu yako," akasema. "Nilifikiri nakupumuzisha."

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Hauimbake tena."

Ni kweli. Sikuwa nimegundua. Nilikuwa naimba nikipika, zamani.

Nilimwinua. Ilichukua nguvu zetu zote, tulianguka mara moja, tukacheka vibaya, kama watu wanaohofia kucheka. Alipokaa kwenye kiti, aliweka mkono wa kulia mezani kwa kutumia wa kushoto, akautazama.

"Mama Michelle. Ilishika."

"Nini ilishika?"

"Huu mukono. Kiloko, kidogo tu. Ilishika moteri. Njo nilisimama. Kisha ikaachia."

Nilimwambia anishike kidole. Tuliusubiri ule mkono kama watu wanaosubiri jibu mlangoni. Sijui kama nilihisi kitu. Nadhani nilihisi.

14 Februari

Amelala siku nzima. Mimi pia.

22 Februari

Injini zimekwisha, zote mbili.

Tulipitisha karatasi juu ya makaa kwa haraka, ilainike bila kuungua. Halafu Hilaire akashika injini kwa mkono wa kushoto, akiizungusha kidogo kidogo, nami kwa kile kijiti cha kusukumia ngozi ya kucha nikawa nakandamiza ukingoni, mkunjo mmoja kwa mmoja, kabla haujakomaa. Tatizo lote lilikuwa hilo: kazi hii inataka mkono mmoja uzungushe na mwingine ukandamize, bila kuhamisha, bila kuweka chini. Nilikuwa nafanya peke yangu nikisimama kila mara. Tulipumua pamoja.

"Tosha," akasema.

Nilipoitazama kwa mbali sikuona karatasi.

1 Machi

Aimée ameona vidole viwili vya kulia vikifunga. Amemtaka avifungue na kuvifunga asubuhi na jioni. Hilaire anavifunga kwenye ule mkebe wa verni, anasema zoezi bila kazi ni upuuzi.

15 Machi

Bawa lililovunjika limeganda vizuri, lakini ufa ulionekana. Nilitaka kuufunika kwa bati linalofanana na majirani zake ili mtu asijue. Hilaire akakataa. Kwenye ndege ya kweli, anasema, bati lililobadilishwa halifanani na mengine. Linang'aa kuliko yote kwa miaka, na hakuna fundi anayelionea haya. Tukachagua kipande kinachong'aa zaidi.

Kisha tukasaga risasi ya penseli, nikapaka kwa kidole nyuma ya kila injini, pale moshi unapopita, ukikolea mwanzoni na kupotea kuelekea nyuma. Kazi ya kope za macho kabisa. Nilimwambia hivyo, akasema basi niiwekee na wanja.

28 Machi

Mvua ndogo. Imekwisha. Ndege, nasema. Mvua bado.

12 Aprili

Jua tangu alfajiri, na upepo mkavu wa kwanza. Saa nne gari lilisimama mbele ya nyumba. Yaya Alphonsine alishuka na godoro lililokunjwa, blanketi mbili na dumu la maji ya kumpa ndugu yake njiani. Sikujua Hilaire atasema nini. Tangu Februari sikumwuliza tena, nilitaka jibu liwe lake.

Hilaire alikuwa nje tayari, kwenye kiti, ndege iko juu ya kigoda mbele yake.

"Yaya, kaa kwanza."

Alikaa. Jua lilikuwa limepiga bawa. Hilaire akazungusha kigoda polepole kwa mguu wa kushoto, na mabati yakaanza kubadilishana mwanga, moja likizima lingine likiwaka, mpaka mwisho wa bawa na kurudi. Yaya Alphonsine akainama. Akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Ni chuma?"

"Ni papier alu. Ile ya samaki yako."

Alimtazama ndugu yake, akatazama ndege, kisha akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na nikaona kwamba si kicheko tu.

"Yaya," Hilaire akasema, na hakupumzika kati ya maneno, "nitakuya kukutembelea, minye na bibi yangu. Tutakula samaki. Baniombee, nakubali. Lakini kukaa, ninakaa hapa."

Yaya Alphonsine akamtazama usoni, halafu mkono, halafu mguu, kama anayempima nguo. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Mulamu, minye nilikuya kuchukua muntu mwenye kufa," akasema. "Huyu haiko anakufa."

Akainuka akamwambia dereva arudishe godoro garini. Blanketi aliziacha, akasema baridi ya mwezi wa sita inakuja. Alinikumbatia kwa muda, ananuka moshi na ziwa, akaniambia sikioni, "Aksanti, mulamu." Nikamjibu asante kwa Kiluba kibaya.

Hilaire akataka kumsindikiza mpaka barabarani. Gari lilikwenda pole mbele, wao wawili nyuma, yeye na fimbo yake, dada yake pembeni bila kumshika. Niliwaona wakiagana kwenye kona. Gari likaondoka.

Alibaki pale amesimama peke yake. Halafu akageuka.

Ni umbali wa nyumba saba. Nilijua kila shimo la njia ile. Miguu yangu ilinyanyuka yenyewe nami nikairudisha, nikashika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili. Alisimama mara nyingi. Mahali penye mchanga fimbo ilizama, akayumba, nikafumba macho, nikafumbua. Jirani alitoka kumsaidia akamkatalia kwa kichwa. Alichukua muda ambao mtu mwingine angekwenda sokoni na kurudi.

Sikwenda kumchukua. Alifika. Akakaa, jasho likimtiririka, akaomba chai.